Nimepandisha kifurushi mara mbili, na sauti za wanafunzi wangu bado zinakatika

Assalaam aleikum, Kaka Fundi.

Mimi ni mwalimu wa Qur'ani hapa Mji wa Kale, Mombasa. Huu ni mwaka wa tatu nasomesha kwa intaneti watoto wanane walioko London, wengi wao wajukuu wa watu wa mtaa huu huu. Kila mtoto ana nusu saa yake, na kila usiku nasomesha wanne, kuanzia saa mbili hadi saa nne, wakati ambapo kwao ni jioni na wameshatoka skuli.

Tajwidi, yaani kanuni za kusoma Qur'ani, si somo la kubahatisha. Mtoto akivuta sauti kwa harakati mbili (vipimo vya urefu wa sauti) mahali pa nne, ni mimi wa kumrekebisha, na siwezi kurekebisha nisichokisikia. Sasa sauti inakatika katikati ya aya, picha inaganda, halafu maneno yanakuja kwa mkupuo. Juzi binti wa miaka tisa alinisomea Suratul Mulk aliyoihifadhi kwa miezi miwili, nikaisikia nusu. Akaniuliza, "Nimekosea wapi, mwalimu?" Sikuwa na jibu la kumpa, na usiku ule sikulala vizuri.

Nilianza na kifurushi cha megabiti 10. Nikaambiwa ni kidogo, nikapanda 20, na sasa niko 40. Ada ya mwanafunzi mmoja na nusu inaishia huko. Nikipima asubuhi naona kupakua 38, kupakia 9, pingi 6. Nikipiga simu kwa kampuni wananiambia laini ni safi, nizime ruta na kuiwasha. Nikifanya hivyo, mambo hutulia kama dakika kumi kisha hurudi yale yale.

Ruta iko chini, ukumbini karibu na mlango. Mimi nasomesha chumba cha juu. Nyumba ni ya zamani, ya mawe na chokaa, na tuko watu tisa. Mpwa wangu hupiga video za harusi na huwatumia wateja wake kazi zao usiku. Mwanangu hucheza gemu ya mpira na hulalamika kuwa pingi imefika 400. Kuna pia kamera mbili za ulinzi. Jirani ananiambia ninunue busta, mwanangu anataka tuhamie kampuni nyingine, na kampuni yenyewe inaniuzia megabiti 60.

Kuna jambo jingine linanishangaza. Hata siku ambazo picha haigandi, mtoto akivuta sauti hufifia na kupotea kabisa, utadhani kuna mtu anaipunguza.

Wazazi wawili wameshaniambia, kwa adabu, kwamba hali ikiendelea watatafuta mwalimu aliyeko huko huko Uingereza. Nianze na lipi?

Mwalimu wa Mji wa Kale

*

Waalaikum salaam warahmatullah, dada Mwalimu.

Usinunue megabiti 60, na busta usiinunue. Mazungumzo ya sauti peke yake hayafikishi hata megabiti moja, na ukiongeza picha nzuri ni megabiti mbili hadi nne. Kile kifurushi chako cha kwanza, cha 10, kilikuwa kinalitosha darasa lako. Umelipia upana wa njia, na ugonjwa ulionao, kwa jinsi ninavyousoma, ni wa kuchelewa.

Haya ni mambo mawili na yanachanganywa kila siku, hata na wanaouza vifurushi. Megabiti zinakuambia mzigo kiasi gani unapita kwa sekunde moja. Pingi inakuambia pakiti moja ndogo, yaani kipande cha data, inachukua milisekunde ngapi kwenda na kurudi, na milisekunde elfu moja ndiyo sekunde. Anayeshusha filamu anahitaji megabiti. Hata filamu ikichelewa sekunde mbili kuanza, hapotezi kitu. Wewe unayesikiliza mtoto akisoma unahitaji pakiti zifike mapema na zifike kwa mpangilio. Pakiti ya sauti ikichelewa mno programu huitupa, kwa sababu wakati wake wa kusikika umepita. Hapo ndipo harakati zako zinapopotelea.

Kuchelewa kwenyewe si kosa lote. Mwanga ndani ya nyuzi za fiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na njia ya kebo kutoka Mombasa hadi London, kupitia Bahari ya Shamu na Mediterania, ni ndefu kuliko mstari ulionyooka wa kwenye ramani. Kwa hiyo pingi yako ya London itakuwa mia moja na kitu hata ukilipa kifurushi cha juu kuliko vyote. Hiyo isikutie hofu. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, unapendekeza sauti isizidi milisekunde 150 kwa safari ya upande mmoja ili watu wazungumze bila kukwazana, na wewe safari ya upande mmoja ni nusu ya pingi, kwa hiyo una nafasi. Kabla kebo za chini ya bahari za TEAMS na SEACOM hazijafika Mombasa mwaka 2009, tulitegemea setilaiti zilizo karibu kilomita 36,000 juu yetu, na kwenda na kurudi peke yake kulichukua karibu nusu sekunde. Somo lako lingekuwa gumu sana wakati ule. Leo linawezekana, na ndiyo maana nakataa wanafunzi wako wakuhame kwa sababu hii.

Sasa turudi kwenye barua yako, maana umeandika dalili nzuri kuliko nilizozoea kupata.

Pingi 6 uliipima asubuhi, nyumba imelala. Haisemi lolote kuhusu saa mbili usiku. Kupakua ni 38 lakini kupakia ni 9 tu. Ukizima ruta hali hutulia dakika kumi. Na mpwa wako hutuma video za harusi usiku. Dada Mwalimu, video ya gigabaiti 10 ni gigabiti 80, maana baiti moja ni biti nane. Ukizipitisha kwenye njia ya megabiti 9, zinachukua zaidi ya saa mbili bila kupumzika, na saa mbili ndio urefu wa darasa lako. Ruta ikizimwa, kazi yake hukatika; ikiwaka, programu yake huchukua muda kidogo kuunganisha tena, kisha huendelea pale ilipoachia. Simu za watu tisa nazo, kila zikirudi nyumbani na kushika waifai, hupandisha picha za mchana kwenye hifadhi za mtandaoni bila kumwambia mtu. Na kamera zako, kama zinahifadhi video zake huko nje, hazilali usiku wala mchana.

Fikiria kivuko cha Likoni. Feri ina uwezo wake na haiongezeki. Malori yakija kwa wingi yanapanga foleni, na ambalansi ikikuta malori mia mbele yake, itasubiri hata kama yenyewe ni ndogo na ingetosha kwenye kona. Ukipanua uwanja wa kusubiria, feri haiendi haraka zaidi. Foleni tu ndiyo inayorefuka. Ruta nyingi za nyumbani zimepewa uwanja mkubwa mno wa kusubiria. Zinakubali kila pakiti ya video ya mpwa wako, zinaipanga, na sauti yako inasimama nyuma ya sekunde nzima ya malori. Mhandisi wa Marekani Jim Gettys alilikuta tatizo hili nyumbani kwake mwaka 2010 akituma mafaili, akalipigia kelele dunia nzima. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson wakachapisha njia ya kuisimamia foleni kwa kupima muda ambao pakiti imesubiri. Dawa ipo, na ina zaidi ya miaka kumi. Inaniuma kwamba ruta tunazogawiwa bado nyingi huja bila dawa hiyo, au huja nayo ikiwa imezimwa.

Lakini usiniamini kwa maneno. Pima, maana naweza kuwa nimekosea na vipimo vitasema.

Usiku wa leo, saa mbili, kaa chumba chako cha juu kwenye waifai kama kawaida. Kwenye laptopu ya Windows fungua dirisha la amri (Command Prompt) na uandike ping -t kisha nafasi, kisha namba ya ruta iliyobandikwa chini yake, mara nyingi 192.168.1.1. Unapima hapo safari ya kutoka chumbani hadi ukumbini tu, intaneti haihusiki. Namba zikikaa kati ya 2 na 10, na kuruka mara moja moja, waifai yako ni nzima. Zikirukaruka hadi 80, 200, au ukiona mistari inayosema jibu halikuja, basi una tatizo la kuta kabla hata ya kutoka nje ya nyumba.

Kisha shuka chini. Chomeka laptopu kwenye ruta kwa waya. Mwombe mpwa wako asimamishe kazi yake kwa dakika tano, simu zote zitolewe kwenye waifai, kamera zichomolewe. Andika ping -t 8.8.8.8, ambayo ni namba ya seva ya Google huko nje, uangalie dakika tatu. Halafu, ukiwa bado unatazama, mwambie aanze kutuma tena. Hapo usipepese macho. Kama namba zinatoka 6 au 10 zikapanda 300, 500, 900 ndani ya sekunde chache, umeshamshika mwizi, na pingi 400 ya mwanao umeijua ilikotoka.

Tiba yake ya kwanza haina gharama. Programu nyingi za kutuma na kuhifadhi mafaili zina sehemu kwenye mipangilio ya kuwekea kikomo cha kasi ya kupakia. Mpwa wako aweke kama nusu ya ile 9. Kazi yake itachukua muda mrefu zaidi lakini itafika, na feri itabaki na nafasi. Au aanze saa nne na robo, ukishafunga darasa, aache ipande usiku kucha. Kaa naye umweleze. Kijana anatafuta riziki yake kama wewe unavyotafuta yako, na nina hakika hajui kabisa kwamba video zake ndizo zinazokata aya. Simu za nyumbani ziwekewe kuhifadhi picha wakati zinachajiwa tu. Kamera zirekodi kwenye kadi yake ya ndani, au zirekodi pale tu kitu kinapopita.

Tiba ya kudumu zaidi iko kwenye ruta. Ingia kwenye ukurasa wake wa mipangilio utafute sehemu inayoitwa QoS au SQM, yaani ya kusimamia foleni ya pakiti. Ukiikuta SQM, iwashe, na kikomo cha kupakia ukiweke chini kidogo ya kipimo chako halisi, kama asilimia 85 au 90. Kwako ni karibu 8. Watu hushangaa kwa nini wajinyime megabiti moja waliyoilipia. Ni kwa sababu foleni inayojengeka ndani ya ruta yako unaweza kuisimamia, na inayojengeka mbele yake huna mamlaka nayo. Pale Likoni wanaovuka kwa miguu wana njia yao, hawasimami nyuma ya malori. SQM hufanya kazi hiyo kwa pakiti ndogo za sauti. Kama ruta ya kampuni haina kitu hicho, unaweza kununua ya kwako yenye nacho na kuichomeka nyuma ya ile. Ila jaribu kwanza ile njia ya bure kwa wiki moja.

Kuhusu kuta. Nyumba za Mji wa Kale nimeziingia sana na waya begani, na nazipenda, lakini jiwe la matumbawe na chokaa, lenye unene wa karibu nusu mita, halina huruma na waifai. Masafa ya gigahezi 5 yana kasi ila hukwama kwenye ukuta wa pili. Ya gigahezi 2.4 hupenya vizuri zaidi, lakini huko ndiko zilikojazana ruta za majirani zako wote, na nyumba zenu zinagusana. Ukilazimika kuyatumia, ruta iwe kwenye chaneli ya 1, 6 au 11, ile yenye watu wachache; nyinginezo huingiliana na jirani pande zote mbili.

Busta ya jirani inadaka mawimbi dhaifu na kuyarudia. Ukiiweka chumbani kwako inarudia udhaifu, na zile za bei ndogo hupokea na kutuma kwa redio moja, kwa hiyo kila pakiti inasemwa mara mbili na kuchelewa kunaongezeka. Vuta waya. Kebo ya mtandao hufika hadi mita 100, nyumba yako haifiki hata robo yake. Ipitishe pembeni ya ngazi hadi kwenye meza unayosomeshea. Fundi akuwekee kebo ya shaba tupu. Ile ya aluminiamu iliyopakwa shaba ni rahisi dukani lakini hukatika ndani kwa ndani. Isipite nje palipo na jua. Na vichwa vyake vikaguliwe kila mwaka, hewa ya chumvi ya hapa hula chuma cha kila aina. Waifai ya juu waachie wengine.

Ukiwa chini, tazama pia ule uzi mwembamba wa fiba unaoingia kwenye kisanduku cha kampuni. Usiwe umekunjwa kona kali nyuma ya kabati wala kubanwa na mguu wa kiti. Fiba iliyokunjwa huvujisha mwanga, laini ikawa nzima leo na mbovu kesho.

Kuna uwezekano mwingine, na lazima niuseme. Kama kwa waya, chini, na kila kitu nyumbani kimezimwa, pingi ya 8.8.8.8 saa mbili usiku bado inapanda juu ya 100 wakati asubuhi ni 6, basi mimi na mpwa wako hatuhusiki. Uzi mmoja wa fiba mtaani hugawanywa kwa nyumba 32 au 64, na kampuni ikijaza wateja kuliko njia inayowapeleka nje, usiku kila mmoja anaumia. Hapo andika vipimo vya usiku tatu mfululizo: saa, namba ya chini, namba ya juu, pakiti zilizopotea. Piga picha ya skrini. Ukipiga simu usiseme "intaneti iko polepole", maana watakuambia uzime uwashe. Sema, "Nimepima kwa waya, hakuna kifaa kingine, saa mbili usiku ni 240 na asubuhi ni 6." Waulize nguvu ya mwanga inayofika kwenye kisanduku chako ni dBm ngapi. Ikiwa karibu na -27 au chini zaidi, fundi inabidi aje. Wakikuzungusha, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya hupokea malalamiko ya wateja, ila inataka uwe umeanza na kampuni, kwa hiyo tunza namba ya kila lalamiko. Kuhama kampuni ni baada ya haya yote. Ukihama ukiwa na mpwa yule yule na ukuta ule ule, utahama na tatizo lako.

Nimeliacha mwisho lile jambo lililokushangaza, sauti inayofifia mtoto akivuta, kwa sababu sidhani kama ni la mtandao hata kidogo. Programu za mikutano zina kichujio cha kelele. Kimefundishwa kwamba binadamu hutamka silabi fupi fupi, na kwamba mlio mrefu usiobadilika ni feni, jenereta au gari. Mtoto akivuta harakati sita, au akishikilia ghuna, ule mlio wa puani, kichujio kinaweza kudhani ni feni na kumfuta. Waalimu wa kuimba na wa ala za muziki wanalijua sana tatizo hili, na ndio waliowekewa tiba: kwenye mipangilio ya sauti tafuta sehemu ya kuruhusu sauti halisi, wakati mwingine imeandikwa ya wanamuziki, au punguza uzuiaji wa kelele hadi chini kabisa.

Kuwa makini hapa, maana wengi hubadilisha upande usio wao. Sauti ya mtoto huchujwa kwenye kifaa cha mtoto, huko London, kabla haijaanza safari. Kubadilisha kwako kutawasaidia wao kukusikia wewe. Ili wewe umsikie yeye, mama yake ndiye wa kubadilisha kwenye kompyuta yao, na mtoto avae visikizi ili sauti yako isijirudie. Waandikie wale wazazi wawili leo, kabla hata hujapima chochote. Waambie umepata sababu mbili, moja iko kwako na unaishughulikia wiki hii, nyingine iko kwao na ni ya dakika mbili. Kisha mwombe yule binti wa miaka tisa akusomee Suratul Mulk tena, tangu mwanzo.